Adui Niliyemdhania Stelingi

Kahama, Jumapili, 1995

Kiangazi kimekomaa. Upepo wa leo umezoa vumbi la mtaa mzima wa Nyasubi na kulimwaga ndani ya nyumba yangu, mpaka kwenye sufuria. Macho yananiwasha. Nusu ni vumbi, nusu ni kulia, na nikisema nililia kwa ajili ya nani mtu atanicheka. Nimemlilia mtu wa kwenye video.

Tena adui.

Binti yangu Limi ameshanicheka tayari. Kaniangalia machoni, kaniuliza kama kuna msiba, na nilipomweleza akakaa chini kabisa kwa kicheko. Acha acheke. Yeye hajui siku yangu ilivyoishia, na sijamwambia bado.

Cherehani yangu ipo kwenye baraza la duka la Baba Hitesh, Mhindi muuza vitambaa. Mteja ananunua kitambaa ndani, akitoka ananikuta nje na futi yangu shingoni, basi wote tunakula. Mke wake, Mama Hitesh, ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa video. Jumapili moja baada ya pamba kuanza kuuzwa aliniita nyumbani kwao, nyuma ya duka, nikampime blauzi. Nikakuta jenereta inanguruma uani, deki inazungusha kanda, na ukoo mzima umekaa chini sebuleni unaangalia hadithi yao ya dini, ile ndefu ya wafalme wa kale na vita vya ndugu kwa ndugu.

Kilichonishangaza kwanza si hadithi. Televisheni ilikuwa imevishwa maua! Udi unafuka mbele yake, na mama mkwe wa Mama Hitesh, bibi mmoja mkavu asiyecheka na mtu, amejitanda kichwa na kukunja mikono mbele ya kioo. Nikajiuliza, je, mimi Mkatoliki nikikaa hapa nitakuwa nimeabudu televisheni? Nikavua viatu, nikajitanda kanga yangu kichwani nisionekane sina adabu, na habari ya dhambi nikamwachia padri.

Kanda zenyewe huletwa na basi kutoka Mwanza, kwa kaka yake Mama Hitesh, na huwa zinakuja zinavyotaka zenyewe. Ya mwisho inatangulia, ya katikati inafuata, ya mwanzo haijulikani iko wapi. Wao hawajali, hadithi wanaijua tangu wakinyonya. Lakini mimi! Kanda yangu ya kwanza ilikuwa ya katikati kabisa, na humo ndani ndimo nilimwona yeye.

Jina lake silitaji, kwanza silijui kulitamka. Ni mkuu wa majeshi, mrefu, mpole wa macho. Usiku mmoja askari wa upande mwingine, kijana, amepotea njia, kiu imemkaba, anaingia kambini kwake bila kujua. Watu wake wanataka kumkata kichwa. Yeye anasimama, anachota maji kwa mkono wake mwenyewe, anamnywesha, kisha anamsindikiza mpaka mpakani na kumwonyesha njia ya kwao. Hata neno la kujisifu hakusema. Mama Hitesh, anayenitafsiria, aliniambia tu, "Anampa maji," kana kwamba mimi sina macho.

Basi nikajua huyo ndiye stelingi. Nani mwingine? Na sisi tuliowahi kuchungulia mabanda ya video tunajua stelingi, yule shujaa wa picha, hafi. Wiki nzima nilikaa barazani nikimsimulia kila mteja habari za stelingi wangu. Nilipokuwa napiga pasi nilimwaza. Nilikuwa na mwaka wa sita wa ujane na sikuwa nimemwaza mwanaume kiasi hicho, haki ya Mungu.

Jumapili iliyofuata, kanda nyingine, nikamwona stelingi wangu ameketi kulia kwa yule mfalme mlafi aliyewanyang'anya ndugu zake ardhi. Nikamwuliza Mama Hitesh anafanya nini pale, amekamatwa?

"Amekamatwa wapi, Fundi? Pale ndiyo kwake. Huyo adui."

"Adui gani? Huyu si stelingi?"

Loo, walivyocheka! Mpaka yule bibi mkavu alitafsiriwa, akacheka hadi meno ya bandia yakataka kutoka. Ningeianza hadithi mwanzoni kama watu wengine, ningefundishwa kumchukia kabla sijamwona akitoa maji. Sasa nimeshampenda, nirudi nyuma nimchukie vipi? Nimejiuliza jambo hili wiki zote hizi, na nadhani lisingenisumbua hivi kama nyumbani kwetu kungekuwa shwari.

Maana nyumbani kwetu nako kuna adui.

Kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka hapa mjini, kuna mtu anaitwa Luhende. Mvua zilipokuwa zinakatika, wezi waliingia kwa Mama Minza, mjane, wakaswaga ng'ombe wake wote. Akapiga mwano. Kwetu yowe la mwano likilia, kila mwanaume anatoka na silaha yake, awe amelala, awe anaharisha. Vijiji vitatu vilitoka. Luhende, ambaye ukuta wake unapakana na wa Mama Minza, hakutoka. Walikuwa wamegombana kuhusu mpaka wa shamba, na asubuhi alipoulizwa alijibu hakusikia. Muongo. Mbwa wake mwenyewe walisikia.

Ng'ombe hawakupatikana. Baraza la sungusungu, walinzi wa kijiji, likamtoza Luhende faini, akakataa kwa kiburi, basi akatengwa. Hasalimiwi, hauziwi chumvi, haombwi moto wala hapewi, na yeyote atakayemsalimia anatengwa pamoja naye. Mimi nilipata habari nikasema wamefanya vizuri. Leo bado nasema hivyo hivyo. Mwanamke analia nje usiku, wewe unajifunika shuka?

Kasoro moja tu. Kaka yangu Shija anamsalimia.

Shija na Luhende walichimba dhahabu pamoja zamani, machimbo ya upande wa Katoro. Duara, lile shimo la kuchimbia, likaporomoka Shija yuko chini. Wenzao wote walikimbia, maana kifusi kikianza huwa kinaendelea. Luhende alibaki, akafukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, akamtoa kaka yangu akiwa hai. Kwa hiyo Luhende alipotengwa, Shija aliendelea kupita kwake kila asubuhi kumjulia hali, mchana kweupe, bila kujificha. Wiki mbili zilizopita baraza likamtenga Shija naye.

Na Jumamosi hii anamwoza binti yake wa kwanza, Kabula. Bwana harusi anatoka Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, na watu wake wanakuja na gari zima. Wakifika watakuta nini? Mji usio na jirani. Hakuna wa kuteka maji, hakuna wa kupika, hakuna wa kucheza. Wakwe wakiona hivyo watauliza, na wakijibiwa wanaweza kugeuza gari. Baraza limempa Shija nafasi: asimame mbele ya watu, aseme ameachana na Luhende, basi yaishe siku hiyo hiyo. Amekataa.

Jana mama alimtuma mtu aniletee ujumbe. Mama anaishi na mdogo wetu, kijiji hicho hicho. Ujumbe ulikuwa mfupi: kaka yako anakusikiliza wewe tu, nenda kamwambie aache ujinga, la sivyo Kabula atabaki na gauni mkononi. Gauni lenyewe naliona hapa, nimelishona mimi, limebaki kutia vifungo.

Kwa hiyo leo nilitoka kanisani na maneno yangu nimeshayapanga. Makali. Nilitaka kumwambia Shija kwamba anamuuza mwanawe kwa ajili ya rafiki mwenye kiburi. Lakini jua lilikuwa kali mno kupanda baiskeli, nikasema nipite kwanza kwa Mama Hitesh, jua lishuke.

Kumbe kanda ya leo ndiyo anayokufa stelingi wangu.

Kabla hajafa, wakubwa wa upande mwema wanamtuma mwalimu wake wa zamani, mzee aliyemfundisha upinde utotoni. Anakuja kwa siri. Anamwambia hamia kwetu, haki iko kwetu na wewe unajua, na kesho ukibaki huku utakufa. Yule bwana anasikiliza mpaka mwisho. Anamwosha mzee miguu. Halafu anakataa. Mama Hitesh alinitafsiria: anasema siku watu walipokuwa wakimcheka, huyu mfalme mbaya ndiye aliyemketisha karibu naye, hawezi kumwacha siku mfalme amebaki peke yake.

Nilimwona Shija pale, na mimi ndiye mwalimu niliyetumwa.

Akafa vizuri, kama anavyokufa mtu aliyeshaamua. Yule bibi mkavu alilia kwa sauti. Mama Hitesh analia, mimi nalia, hata Baba Hitesh aliyekuja kuongeza mafuta kwenye jenereta alisimama mlangoni anajifuta pua.

Nikamwuliza Mama Hitesh mbona wanamlilia adui, tena ambaye wanajua tangu utotoni kwamba atakufa.

"Angekuwa mbaya tu, Fundi, tungelala vizuri," akasema.

Lakini mimi sikuridhika, maana nina tabia ya kuuliza mpaka watu wanichoke. Nikauliza tena: huyu bwana alijua mfalme wake anakosea. Je, aliwahi kumwambia? Mama Hitesh akafikiri, akashindwa, akamgeukia mama mkwe wake. Wakazungumza Kigujarati muda mrefu, wakabishana, bibi akanyoosha kidole kwenye televisheni iliyokwisha kuzimwa.

"Anasema alimwambia mara moja," akanitafsiria. "Kwa sauti ndogo."

Nikavaa viatu vyangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nikipigana na upepo na sauti hiyo ndogo. Nilikuwa nimemkasirikia mpenzi wangu wa video, jamani! Uliweza kumnywesha maji adui yako, uliweza kufa, ukashindwa kumwambia rafiki yako kwa nguvu kwamba amedhulumu? Labda vita visingekuwepo. Au labda ningekuwa mimi nami ningenyamaza. Kumwambia ukweli mtu aliyekuokoa kuna uzito wake, sijui kama mimi ningeuweza. Na nikajikuta sina tena yale maneno makali niliyoyapanga kanisani. Nilikuwa na swali tu.

Nilipokaribia kwa Shija niliwaona watu wawili uani wanasimamisha nguzo za banda la harusi. Wawili tu! Kazi ambayo kijiji kizima huifanya kwa nyimbo na vicheko. Mmoja ameshika nguzo, mwingine anashindilia udongo. Nilipoingia kwenye uzio wa minyaa mmoja akaachia nguzo na kuondoka mbio mbio nyuma ya nyumba. Ile nguzo ikayumba, Shija akaidaka peke yake kwa bega.

"Nani yule?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Luhende. Amejificha usipate tabu ya kumnyamazia."

Sikuwa nimetegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na kiburi chake. Nikaegemeza baiskeli, nikashika ile nguzo, na kaka yangu akashindilia udongo. Amekonda. Tukasalimiana, na ilimchukua muda kugundua kwamba mdogo wake amemsalimia bila kuangalia kushoto na kulia.

"Mama kakutuma," akasema.

"Kanituma. Lakini nakuuliza kwanza. Luhende ana makosa?"

"Makosa tena? Luhende ana makosa kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mama Minza ni jirani yake."

"Umemwambia?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Namwambia kila siku ya Mungu. Asubuhi nikienda kumsalimia ndiyo salamu yenyewe. Leo tumegombana mpaka akanitupia kiatu. Sasa Mama Limi, niambie wewe. Kijiji kizima hakisemi naye. Nikinyamaza na mimi, nani atamwambia?"

Mh. Nilikaa chini kwenye gogo. Huyu kaka yangu, darasa la nne, hana deki, hana televisheni, na nilikuwa nimeendesha baiskeli yote ile kuja kumfundisha.

Nikamwuliza kuhusu Kabula. Hapo hakucheka. Aliniambia amezungumza na binti yake, amemweleza yote, na Kabula amelia siku mbili, kisha akasema baba, kama ni watu wachache basi ni wachache. Shija anajua anachomgharimu mtoto.

Jua lilikuwa linashuka. Nyuma ya nyumba hakukusikika hata kikohozi. Nikamfikiria mtu mzima na ndevu zake, amejibanza ukutani kama mwizi wa kuku, ili mimi nisipate tabu. Bado nilikuwa namkasirikia kuhusu Mama Minza. Hasira haikuondoka hata kidogo. Lakini miguu yangu ikasimama.

"Shikamoo, kaka Luhende!"

Niliipiga kwa sauti yote. Wapita njia wawili waliokuwa wakitoka kisimani na ndoo waligeuka. Wamesikia. Ni wanawake ninaowashonea.

Nikarudia kwa Kisukuma, salamu ya jioni. "Mwadila, kaka!"

Akatokea pembeni mwa nyumba, vumbi mwili mzima. Hakuitikia. Alianza kunifokea!

"Una wazimu, Mama Limi? Nani kakutuma unisalimie? Na mama yako je, utaingia vipi kwake? Shija, dada yako ana wazimu!"

Akafoka, akafoka, na katikati ya kufoka sauti ikamkatika. Halafu ndipo akasema marahaba. Aliisema vibaya, kama neno ambalo hajalitumia siku nyingi. Nikampa pole kidogo tu, na papo hapo nikamwambia alichomfanyia Mama Minza ni aibu, tena ni aibu kubwa, na nitamwambia hivyo kila nikimwona. Shija akaniangalia kwa furaha mpaka nikaona haya.

Luhende akapangusa vumbi mikononi. Alirudi kwenye nguzo. Sijui kama atakwenda kumwangukia Mama Minza, sijui kama kiburi kile kina mwisho. Sikwenda pale kupewa malipo.

Wakati wa kurudi nilipita kwa mama. Njia haina namna nyingine. Alikuwa amekaa uani anachambua choroko. Sikuingia. Nilisimama nje ya minyaa, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, nikamwambia kwa sauti ya kawaida: "Mama, nimemsalimia Luhende. Shija hataki, na mimi sikumlazimisha."

Mama aliacha kuchambua. Akaniangalia. Nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

Mama yangu, aliyenizaa. Aliinama kwenye ungo wake kama hapajapita mtu. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Nilikuwa nimesema wamefanya vizuri, na bado nasema sheria ile ndiyo inayowaamsha wanaume usiku mjane akilia, lakini sikuwa najua inaingia mwilini sehemu gani. Inaingia hapa chini ya koo. Nilisubiri. Nikasubiri tena. Kisha nikaanza kukokota baiskeli.

Nikasikia ndara zake. Alikuja mpaka kwenye mlango wa uzio bila kuniangalia, akatundika kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kijiti, akarudi ndani. Hakusema neno, hakuvunja sheria. Nimeila njiani ile michembe huku nikilia, kwa hiyo Limi akiendelea kunicheka kwa sababu ya video, namwacha.

Kesho kabla sijafungua cherehani naenda kwa mwenyekiti wa sungusungu kujitaja mwenyewe, asiletewe habari na wale wanawake wa kisimani. Nitamwambia pia nitakwenda harusini, na nitaenda. Kuna kitu kimoja nimekifikiria tangu nilipofika nyumbani. Gari la Kambarage likiingia Jumamosi, kama hatutakuwa hata kumi pale uani, nani atapiga vigelegele wakwe wajue wamefika kwa watu?

Shangazi wa bibi harusi ni mimi. Nitaanza mwenyewe.